Udongo wa Upande wa Jirani

Karibu na Ludza, Latvia
6 Aprili 2025

Kwa Susu Kanyiva, mke wangu wa Kikima,

Ukiwa umesimama, kaa chini kwanza, vaa miwani, halafu usome pole pole, kwa sababu hii barua nimeitolea jasho. Mimi mjukuu wako, uliyenipa jina la babu ukaniita mume, ni mzima kabisa. Nimenona. Ukiniona utasema ni mchungaji wa Nairobi. Wewe je? Miguu inasemaje? Yule mbuzi wa pembe moja bado anakuangusha? Na huko kanisani bado naombewa, ama wamenisahau kwa vile sadaka yangu haionekani?

Usiseme eti najifanya mtu wa zamani na makaratasi. Hapa simu tunaiacha kwa kisanduku getini Jumatatu, tunaichukua Jumamosi. Na Jumamosi nikikupigia kwa simu ya Muthoki wa jirani, wewe unasema "eeh, eeh" halafu unaniuliza kama nimekula. Mara tatu! Masikio yako yalistaafu kabla yako. Kwa hivyo tuandikiane. Usicheke mwandiko. Mimi niliachia Form Two, na hata hiyo Form Two nilikuwa naifuata maharagwe.

Uliniuliza kazi ni gani. Sikiliza. Mwaka jana tulikuwa tunawachimbia wakulima mitaro ya kutoa maji. Sasa kampuni imepewa kazi ya serikali, na kazi yenyewe ni mpaka. Kutoka kwa kambi yetu mpaka Urusi unaweza kutembea asubuhi na urudi kula mchana. Watu wa hapa wanaogopa kwamba siku moja Urusi itavuka na vifaru. Lakini hawaitaji kwa jina. Bosi wangu Imants anasema tu "jirani". Jirani amefanya hivi, jirani amesema vile. Ungedhani wanagombania ua.

Basi tunamchimbia huyo jirani mtaro ambao kifaru hakiwezi kuruka. Na ni nani yuko juu ya eskaveta? Ni mimi! Walitafuta Ulaya yote wakakosa, wakamwita mtoto wa Kikima aliyejifunzia mashine kule bwawa la Thwake. Kaka yangu Kimeu na diploma yake bado anadunga mbuzi sindano Mutomo? Msalimie. Mwambie hata mbuzi nawasalimu.

Mume wako,
Kyule


Kikima
4 Mei 2025

Kwa Kyule, mume wangu asiyejua kujifungia viatu,

Bwana asifiwe. Barua yako ilifika Ijumaa ile ya baada ya Pasaka, Muthoki akaniletea kutoka posta. Nimeisoma yote, hata pale ulipofuta. Miguu iko. Mbuzi wa pembe moja tulimuuza, usimlilie. Mvua ya Machi ilikuja kidogo ikaona aibu ikarudi, lakini kunde zimeshika. Kanisani unaombewa kila Jumapili, na mzee wa kanisa anauliza kama huko uliko kuna kanisa ama ni baridi tu.

Kimeu alikuja kunitembelea mwisho wa mwezi. Nilimsomea barua yako kwa sauti, na Muthoki alikuwepo, tukacheka mpaka nikashika ubavu. Yeye alicheka kidogo. Alitengeneza mlango wa choo, akalala siku mbili, akarudi Mutomo. Usimseme sana kaka yako. Mama yenu Ndululu alipokufa wewe ulikuwa unanyonya kidole, na ni yeye alikuwa anakubeba mgongoni kukuleta kwangu. Alikuwa na miaka tisa.

Huo mtaro wako. Mimi nimechimba mitaro miaka arobaini na wale wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana shamba, kina mama thelathini na majembe, mimi nikipuliza filimbi, na wewe umekulia hapo ukitubebea maji. Sijasikia mtaro wa kuzuia jirani. Mtaro ni wa kuzuia udongo usikimbie. Niambie unachimbwa namna gani.

Umekula?

Ni mimi Susu


Ludza
1 Juni 2025

Susu wangu,

Nimekula. Nimekula viazi jana, leo, na kesho pia nitakula viazi, imeandikwa. Natumai nyinyi huko mko sawa, na kwamba hujanipata mume mwingine.

Sasa nikupe habari za wakubwa. Imants anasema nchi hii ikipata shilingi mia, itatoa kama tano kwa jeshi. Zamani ilikuwa ni mbili, na hizo mbili zilikuwa zinatolewa na machozi. Na si hawa peke yao. Huku Ulaya wote wameamka kama watu waliosikia mbwa akibweka. Ananihesabia bunduki, ndege, mabomu, na mimi nasema yes, yes, nikifikiria chai. Shule ya hapa kijijini imefungwa kwa kukosa watoto, lakini barabara inayopita mbele yake imepanuliwa ili magari ya jeshi yapite mawili mawili.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja mzee, anaitwa Zenta, rika lako lakini ana meno mengi kukushinda. Karibu na mlango ameweka begi jekundu. Ndani kuna maji, mishumaa, redio, soksi, chakula cha siku tatu. Serikali imegawa kijitabu ikasema kila nyumba iwe hivyo. Nikamuuliza kwa kile Kiingereza chake cha vipande na changu cha vipande, "Mama, ukikimbia unaenda wapi?" Akasema, "Sikimbii." Nikasema, "Sasa begi ni la nini?" Akasema, "Wakijua tuko tayari hawatakuja." Nikacheka, Susu. Begi la soksi litazuia kifaru!

Umeniuliza namna ya kuchimba. Ni mtaro mrefu, umekatwa wima upande mmoja. Juma lijalo Imants anaenda mkutano Riga siku mbili na ameniachia kipande changu peke yangu, kwenye kilima, mita mia tatu. Alitaka kuniachia mchoro, nikamwambia peleka mchoro wako, mimi nimezaliwa kwa mtaro. Udongo natupa upande wa juu wa kilima, ile mnaita fanya juu, vile ulinifundisha. Watakuja kuninunulia soda.

Msomee Kimeu na hii. Mwambie: wewe wa diploma unashika mbuzi masikio huko Mutomo, mimi wa Form Two nachimbia Ulaya nzima. Mwanaume ni nani sasa? Mwambie dunia ni kubwa, haiishii kwa soko la Mutomo, atoke aone.

Kyule, Chifu wa Mitaro


Kikima
10 Agosti 2025

Kyule,

Bwana asifiwe. Sisi tuko, mbaazi zimekauka tunazivuna. Nimechelewa kukujibu, nisamehe.

Kimeu ameacha lile duka la dawa za mifugo la Mutomo. Amepata kazi mbali. Anakusalimu.

Nauliza mambo mawili. Huo mtaro una kina gani? Na mtu akianguka ndani, mtu tu, si gari, anaweza kutoka?

Tena hilo la udongo. Kilima hicho kinapanda kwenda upande gani, wenu au wa jirani? Wakubwa wako wamekubali utupe juu?

Susu


Ludza
7 Septemba 2025

Kwa Susu mpelelezi,

Kwani umeajiriwa na nani? Maswali yako ni kama ya yule askari wa getini! Kwanza salamu. Mimi ni mzima, Zenta ni mzima, begi lake ni zima. Ameongeza kopo la samaki.

Kina chake, simamisha Kimeu, halafu simamisha mimi juu ya kichwa chake. Karibu hapo. Mtu akianguka ndani? Aanze kuimba nyimbo za kanisa. Upande mmoja ni wima kama ukuta, na mvua ikinyesha ni utelezi, na huku nyuma kuna waya, na nyuma ya waya kuna meno ya zege, makubwa, tunayapanga kama mahindi. Nyuma ya hayo sasa wako askari wenyewe na bunduki. Wacha waje, Susu! Waje tu! Nitakuwa nimekaa juu ya mashine na chai yangu nikiwaangalia wakigaagaa huko chini kama panya kwa pipa.

Mashine kwa sasa nimepumzishwa kidogo. Mgongo. Si kitu, ni vile wakubwa wananijali. Kwa hivyo nasaidia kwa zege.

Kimeu yuko mbali wapi? Qatar? Namba yake haiingii tangu Julai. Mwambie asijifanye amekuwa mdosi. Ama alikasirika na ile barua? Yeye hukasirika kama mwanamwali, siku tatu halafu anarudi na soda.

Mume wako


Kikima
12 Oktoba 2025

Kyule,

Tumeona mawingu, tunangoja. Mimi ni mzima.

Mimi nilikuuliza juu ya udongo, na wewe ukaniandikia mgongo. Wewe uliniuliza juu ya Kimeu, na mimi sijakujibu. Tuko sawa kwa sawa.

Anza wewe.

Na hilo neno la panya, usiliandike tena kwa barua zangu.

Susu


Ludza
2 Novemba 2025

Susu,

Hii barua yako nimekaa nayo siku tatu. Hata hukuniuliza kama nimekula. Nikajua kuna jambo.

Sawa, naanza mimi. Mgongo hauna kitu. Nilikosea.

Kile kilima kinapanda kwenda kwa jirani. Mimi nikafanya kama kwako: mtaro chini, udongo juu. Mita mia tatu, siku mbili, sijanyanyua kichwa, naimba nyimbo za mwethya ndani ya mashine. Imants akarudi kutoka Riga, akasimama akiangalia. Nikadhani anashangaa ustadi. Halafu akaokota jiwe, akapanda juu ya ule udongo, akalisukuma kwa kiatu, likaanguka ndani ya mtaro. Akasukuma lingine. Akaniangalia. Hapo ndipo nilielewa. Udongo wote nimeuweka upande wao! Wakija hawahitaji daraja. Wanajificha nyuma ya tuta langu, mashine moja inalisukuma ndani, mtaro umejaa, wanapita kama wageni wa harusi. Nimewalimia njia.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alisema tu, "Huku hatuzuii mvua." Nikatolewa kwa mashine, na vijana wa hapa sasa wananiita Mkulima. Ndiyo maana niko kwa zege tangu Juni, nabeba mbao. Baridi ikiisha, Machi, nitapewa mashine tena niuhamishe udongo wangu mwenyewe, wote. Uchafu wangu niusafishe.

Haya, umesikia. Cheka basi.

Sasa wewe. Kimeu yuko wapi? Amefungwa? Amekufa? Nimefikiria kila kitu. Niambie hata kama ni kibaya. Mimi si mtoto, hata kama naandika kama mtoto.

Kyule


Kikima
30 Novemba 2025

Kwa mtoto wangu Kyule,

Sijacheka. Nimesoma mara moja nikaikunja.

Mvua imekuja vizuri mwaka huu. Mahindi yamefika magotini. Nakwambia hili kwanza ili ujue nyumba iko na chakula, na tuko na uzima.

Kimeu hajafungwa. Kimeu yuko Urusi.

Barua yako ya Juni nilimsomea. Nilimsomea mara mbili, kwa sababu ilinifurahisha mimi, na mzee akifurahi haoni aliyekaa mbele yake. Ile ya "mwanaume ni nani". Alikunja miguu ya suruali akaenda kukata nyasi za ng'ombe ambao si wake. Baada ya wiki mbili akaja na mtu kutoka Nairobi, kijana wa viatu safi, akasema kuna kazi ya kulinda maghala huko Urusi, nyumba ya bure, chakula cha bure. Akasema, "Susu, na mimi natoka nione." Nikamwombea. Niliweka mkono juu ya kichwa chake, Kyule, nikamwombea aende salama.

Agosti akapiga kwa simu ya Muthoki. Wewe wajua sisikii, kwa hivyo Muthoki anaandika kwa daftari anayosema, nami nasoma, halafu Muthoki anamjibu. Alisema walipofika waliwekewa karatasi za lugha ya huko, wakaambiwa watie sahihi, wakapewa sare. Si ya kulinda ghala. Ni jeshi. Hilo ndilo juma nililokuuliza kama mtu akianguka anaweza kutoka.

Septemba akapiga tena, dakika chache. Tangu hapo kimya. Nimeenda kwa ofisi za serikali kule mjini Wote mara mbili, wameandika jina. Nimekuwekea ndani ya bahasha ile karatasi ya Septemba ya daftari la Muthoki, usome mwenyewe, kwa sababu mimi sitaki kuandika maneno hayo kwa mkono wangu.

Susu

[Karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa Muthoki]

Anasema yuko salama. Anasema wanahamishwa kesho, wanapelekwa mpakani. Mpaka gani? Anasema hawaambiwi. Anasema hapo walipo ni misitu na maziwa mengi na baridi imeanza. Anasema wageni kama wao wanawekwa mbele. Susu anauliza amekula? Anasema amekula. Susu anasema atamwandikia Kyule, labda anajua mtu. Anasema hapana. Anasema msimwambie Kyule. Atanicheka.


Ludza
28 Desemba 2025

Susu,

Nimesoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Zenta aliniona akaniletea chai bila kuuliza.

Misitu na maziwa. Susu, nikifungua mlango naona misitu na maziwa. Nimemuuliza Imants kama ile nchi yao ina misitu na maziwa mahali pengine, akacheka, akasema ni nchi kubwa kuliko akili yako, kila mahali ni misitu na maziwa. Vita yenyewe ya sasa iko mbali na hapa, huko kusini kwa watu wa Ukraine. Labda ndiko alikopelekwa. Labda ni hapa. Hakuna anayejua, na mimi ndiye najua kidogo zaidi.

Atanicheka. Hiyo ndiyo imenishinda. Ningesema hapana, nisingecheka, wewe ungejua ni uongo. Ningecheka. Ningemwandikia maneno ya kijinga, mbuzi na nini. Alinibeba mgongoni kutoka Mutomo mpaka stendi, na mimi hiyo hadithi sikuwahi kuiandika hata mara moja. Nimeandika ya mashine.

Sasa sikiliza, na ukimaliza uchome hii. Ardhi imeganda kama zege, kazi imesimama mpaka Machi. Machi nitapanda juu ya mashine kuhamisha ule udongo. Na nawaza hivi. Huko kwetu wengine wakichimba huacha kivuko cha mbuzi. Mimi naweza kuacha kivuko. Mita kumi, si zaidi. Pale chini karibu na ziwa hapajachimbwa bado, ni mimi nitakayepamalizia, matete yamefunika, na Imants hapimi pale kwa sababu anaogopa matope. Mtu mmoja, akiwa anakimbia, akiwa hataki vita, anaweza kupita hapo na mikono juu.

Huku wananilipa, na Zenta ananipa chai. Nikiacha kivuko nimemuuza Zenta. Nikichimba chote nimemchimbia kaka yangu kaburi. Nimeshindwa, Susu. Hiki si kitu cha kumuuliza Imants. Niambie nifanye nini. Una muda mpaka Machi.

Kyule


Kikima
25 Januari 2026

Kwa Kyule,

Bwana asifiwe, hata hivi. Muthoki ananikazia macho akiona ninavyoandika. Kimeu hajapiga.

Nimeomba juu ya barua yako juma zima. Halafu nikaacha kuomba nikakumbuka Kaveke.

Wewe hukuwa umezaliwa. Ni ile mvua ya El Nino. Sisi kina mama wa mwethya tulikuwa tumechimba mlima wote, mtaro juu ya mtaro, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kaveke peke yake alikataa tumalizie kwake. Alisema acha hapa mita mbili, mbuzi wangu wapitie. Tukaacha, kwa sababu ni jirani na ni mzee. Mvua ilipokuja, maji yalifika kwa ile mitaro yakasimama. Yalisimama, Kyule, nimeyaona kwa macho yangu, mlima mzima wa maji umesimama. Halafu yakatafuta, yakapata pale pa Kaveke. Yote yakaingia hapo. Maji ambayo yangegawanyika mlima mzima yalipita kwa mita mbili. Yalichukua jikoni kwangu, yakachukua nusu ya shamba, na mbuzi walewale wa Kaveke ndio walikuwa wa kwanza kwenda.

Wewe unafikiri ukiacha mita kumi unamwachia Kimeu. Humwachii Kimeu. Unawaachia wanaomtuma. Watapaona, maana maji hupaona. Na wakipaona, watasema twendeni hapa, na ni nani aliandikwa kwa karatasi ya Muthoki kwamba anawekwa mbele?

Yule mama wa begi ulimcheka. Alisema kweli. Mimi sijui mambo ya shilingi tano na shilingi mbili, ya ndege na mabomu, na nchi inayofunga shule ikapanua barabara ya jeshi sijui nitaisemea nini mbele za Mungu. Lakini kama mkubwa wa Kimeu atasimama siku moja hapo juu ya kilima na darubini, nataka aangalie kushoto, aangalie kulia, aseme hapa hapana, rudini. Hilo neno moja, rudini. Hilo ndilo pekee linaweza kumsaidia mtoto wangu huko aliko, na wewe ndiye unaweza kumsemesha mtu huyo, kwa jembe lako.

Chimba. Chimba chote. Usiache hata pa kuku.

Na udongo utupe upande wako safari hii.

Umekula?

Susu yako


Ludza
12 Aprili 2026

Kwa Susu Kanyiva,

Natumai hii imekukuta ukiwa na afya, na kwamba umeanza kupalilia. Mimi nimekula. Viazi.

Barafu iliachia juma la tatu la Machi. Nimeuhamisha udongo wote, mita mia tatu, siku kumi na moja. Sikuimba. Nilipofika pale kwa matete nilizima mashine nikashuka. Nilisimama kidogo upande wao. Ni misitu tu, Susu. Hakuna mtu. Ndege mmoja alikuwa anapiga kelele kama anayetafuta kitu. Nilitaka kuita jina, nikaona ni ujinga, nikaita tu, pole pole. Halafu nikapanda mashine nikachimba. Matope yalifika kwa milango. Nimechimba pale kuliko mahali pengine pote, nimekwenda chini mpaka maji ya ziwa yakaanza kuingia.

Imants alikuja kupima, safari hii akaingia kwa matope mwenyewe. Akaangalia mita yake, akaniangalia. Akasema, "Mkulima, umezidisha. Mchoro hausemi hivi. Umenimalizia dizeli." Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote, juu ya Kimeu, juu ya daftari. Sikumwambia. Nilimwambia, "Kwetu tunachimba hivi." Akatembea mpaka mwisho na kurudi, akapanda juu ya tuta, upande wetu sasa, akaangalia huko ng'ambo muda mrefu. Akasema, "Hapa hawawezi kuja." Nikageuka nikajifanya natafuta funguo.

Jioni Zenta aliniuliza kwa nini sili. Nikamwonyesha picha ya Kimeu, ile tumesimama na wewe siku ya kipaimara chake, mimi nimetoa ulimi. Sikumwambia yuko wapi. Nilisema tu ni kaka yangu, hajapiga simu. Alikaa na ile picha. Asubuhi nikaona kando ya begi jekundu kuna lingine, dogo, la bluu. Ameniwekea maji, mshumaa, kopo la samaki. Soksi ni jozi mbili, na moja ni kubwa sana, si ya mguu wangu. Mguu huo ni wa Kimeu. Sijui alionaje kwa picha.

Diploma yake iko wapi? Kama iko kwako, itoe kwa sanduku, ifute vumbi, uitundike ukutani mahali mgeni anaiona akiingia.

Na akipiga, Susu, hata kama ni usiku, hata kama ni dakika moja, usimpe Muthoki maneno mengi. Mwambie mtaro huu umechimbwa na mdogo wake na hapa hapapitiki, akiambiwa aende akatae, alale chini, avunje mguu wake mwenyewe, lakini asije. Mwambie soksi zake ziko.

Mwambie sicheki.

Kyule